Mwanangu anataka kuwa kocha wa futiboli ya Kimarekani vyuoni. Aanzie wapi?

MamaBaraka

Habari zenu wote. Naandika usiku baada ya zamu, mnisamehe nikirukaruka.

Kijana wangu wa kwanza ana miaka 22, anamaliza chuo mwezi wa tano hapa Ohio. Tulikuja Marekani akiwa na miaka 9. Futiboli yao aliikuta shuleni, ikamchukua mzima mzima. Chuoni alicheza safu ya mbele, Division III, kule ambako hakuna anayelipiwa karo kwa ajili ya mpira, mpaka goti lilipomwachia mwaka wa tatu. Tangu hapo amekuwa akiwasaidia makocha kukata video na kusimamia mazoezi ya wadogo zake. Sasa anasema ameshapata kazi ya maisha yake na hataki kusikia nyingine.

Amepata nafasi mbili. Ya kwanza ni chuo kikubwa sana, kile mnachokiona kwenye televisheni kila Jumamosi. Watamweka kitengo cha video, bila mshahara, na shahada ya uzamili tutajilipia wenyewe. Ya pili ni chuo kidogo cha Division II, mwendo wa saa kumi na moja kwa gari. Huko atakuwa GA, yaani anasoma uzamili huku akiwa kocha msaidizi. Karo wanalipa wao, posho dola 800 kwa mwezi, na atakabidhiwa wachezaji wa kufundisha.

Yeye roho yake iko kwa kile kikubwa. Baba yake anasema zote mbili ni kupoteza muda, akasome kitu chenye kazi. Mimi nipo katikati na sijui hata maswali ya kuuliza. Hii njia inaishia wapi? Kuna mtu humu ameipita?

KochaWaMabeki

Shikamoo mama. Mimi nimeipita na bado nimo. Nafundisha mabeki wa nyuma katika chuo changu cha tatu, mwaka wangu wa tisa. Nitakuandikia kwa urefu kwa sababu mimi nilipoanza hakukuwa na mtu wa kumwelezea mama yangu.

Ngazi yenyewe ni fupi kuitaja. Unaanza GA, au mchambuzi wa video. Kisha unakuwa kocha wa nafasi moja: mabeki, wapokeaji, safu ya mbele. Kisha mratibu wa ulinzi au wa mashambulizi, huyo ndiye anayeamua mchezo upi uchezwe, yaani mpango wa kila jaribio. Juu kabisa ni kocha mkuu. Vyuo navyo vina madaraja: FBS juu, halafu FCS (hizo mbili ndizo Division I), Division II, Division III, na pembeni kuna NAIA, chama kingine cha michezo ya vyuo, na vyuo vya miaka miwili. Kinachochosha ni kwamba ngazi hizi mbili zinapandwa kwa pamoja na haziendi sambamba. Kirby Smart, anayefundisha chuo kikuu cha Georgia sasa, alikuwa mratibu wa ulinzi Valdosta State, chuo cha Division II, mwaka 2001. Mwaka uliofuata akashuka akawa GA Florida State. Alikuwa na cheo, akakiacha, akarudi kuchora kadi.

Kadi ndiyo nataka nikueleze, mama, maana ndiyo atakayoifanya kijana.

Kadi ni karatasi ngumu yenye mchoro wa mpinzani wa wiki hiyo: duara kumi na moja, na mistari inayoonyesha kila mtu anakwenda wapi. Mazoezini unaiinua juu ya kichwa, vijana wa akiba wanaitazama sekunde chache, halafu wanacheza kama mpinzani ili kikosi cha kwanza kijifunze. Kabla ya kuchora unakuwa umetazama mechi zake tatu au nne na kuandika kila mchezo: dauni ya ngapi, yaani jaribio la ngapi, yadi ngapi zimebaki, mpira uko upande gani wa uwanja, wamejipangaje, wamefanya nini. Jumapili nilikuwa naingia ofisini saa saba mchana natoka saa nane usiku. Kwa wiki nilichora kadi zaidi ya mia.

Jumanne moja, mwaka wangu wa kwanza, nilimchora mchezaji wa pembeni hatua moja nyuma ya mstari ambapo mchezo unaanzia. Kwenye video alikuwa juu ya mstari kabisa. Hatua moja tu. Lakini kwa sheria za mchezo huu, ukiwa juu ya mstari na kuna mwenzako nje yako naye yuko juu ya mstari, wewe umefunikwa, huruhusiwi kwenda kupokea pasi. Kwa hiyo mimi nilikuwa nawafundisha mabeki wetu kumkimbiza mtu ambaye Jumamosi asingeweza kupewa mpira, huku wakimwacha anayeweza. Mratibu wetu wa ulinzi alikuwa amesimama mbali, upepo unavuma, akaiona ile kadi. Akasimamisha mazoezi, akaja taratibu, akaweka kidole kwenye lile duara: "Huyu amefunikwa. Umeangalia miguu yake au umeangalia alipo?" Akarudi alikotoka, mazoezi yakaendelea.

Usiku ule nilizirudia kadi zote za wiki. Hakuna aliyeniagiza. Asubuhi nikaziweka mezani kwake. Hakusema kitu, ila kuanzia siku hiyo alinivutia kiti karibu yake wakati wa kutazama video, na kila mchezo akawa ananiuliza ninaona nini. Kwa miaka miwili nimejifunza ukocha pale, kwenye kile kiti, kuliko darasa lolote la uzamili.

Ndiyo maana nasema, mama, asichague chuo. Achague mtu. Amtafute yule atakayemvutia kiti. Kwenye kazi hii cheti hakikupandishi, na hata kujua mpira peke yake hakukupandishi. Kocha mkuu mpya akiajiriwa anakuja na watu wake, akiondoka anaondoka nao, akifukuzwa wanafukuzwa naye. Maisha yako yote utakuwa umefungwa kwenye jina la mtu fulani.

Hilo la kufukuzwa nakuambia wazi ili baba yake naye alijue. Baada ya GA nilibaki palepale miaka miwili kama kocha wa mabeki. Msimu wa pili tulishinda mechi tatu. Jumapili asubuhi baada ya mechi ya mwisho tuliitwa, makocha tisa, tukakaa chumba kilekile cha video. Mkuu wa michezo aliongea kama dakika kumi. Tulipewa bahasha za kuweka funguo. Mke wangu alikuwa na mimba ya miezi saba. Mabeki wangu wanne walikuwa wamesimama kwenye korido, wamesikia tayari, mmoja analia. Yule kijana nilikuwa nimekaa sebuleni kwa mama yake miaka miwili kabla, nilipokwenda kumsajili, nikamwahidi mama huyo kwamba nitakuwepo mpaka mwanawe ahitimu. Hilo linaniuma mpaka leo kuliko mshahara.

Kila Januari chama cha makocha, AFCA, kina mkutano wake mkuu. Kuna mafunzo, lakini wengi tulikuwa ukumbi wa chini wa hoteli, suti moja, wasifu mkononi, tunasubiri mtu tunayemjua apite. Tulilala wanne chumba kimoja. Siku ya tatu simu ikalia. Ni yule mratibu wa kadi, alikuwa ameshahamia chuo kingine. Akasema wana nafasi ya mabeki, niende Jumatatu. Hakuniuliza wasifu.

Sasa turudi kwa kijana. Mimi ningemwambia aende kule kwa dola 800. Kule atasimama mbele ya wachezaji, atakosea, atasahihishwa, na akitoka atakuwa na watu anaoweza kusema "hawa niliwafundisha mimi". Na kule chini si shimo lisilo na njia ya kutokea. Kalen DeBoer alikuwa kocha mkuu Sioux Falls, chuo cha NAIA, kuanzia 2005 hadi 2009. Alishinda mechi 67, akapoteza 3, akabeba ubingwa mara tatu. Hata hivyo hakuruka moja kwa moja juu, alipita uratibu Southern Illinois, Eastern Michigan, Fresno State na Indiana, akarudi Fresno State kama kocha mkuu, akaenda Washington, akawafikisha fainali ya taifa. Januari 2024 Nick Saban alipostaafu Alabama, ni yeye waliyemwita. Lance Leipold alichukua ubingwa wa Division III mara sita akiwa Wisconsin-Whitewater kabla ya Buffalo na sasa Kansas. Curt Cignetti alikuwa tayari Alabama, msaidizi wa Saban, akaacha mwenyewe akaenda kuwa kocha mkuu wa chuo cha Division II, huko Indiana University of Pennsylvania, mwaka 2011. Watu walimshangaa. Msimu wa 2024 aliingia Indiana University, chuo kingine kabisa, timu iliyozoea kupigwa, akashinda mechi 11 na kuwafikisha kwenye mchujo wa ubingwa.

Mwambie na baba yake kwamba Saban mwenyewe hakuwa na mpango wa ukocha. Alimaliza kucheza Kent State, mkewe alikuwa bado anasoma, kocha Don James akampa nafasi ya GA mwaka 1973, akaikubali kwa sababu hiyo. Alistaafu na mataji saba ya taifa.

Mwana_wa_Ziwa

Kaka hapo juu ameandika vizuri na ninamheshimu, ila mimi nitamtetea kijana. Nilikuwa kitengo cha video chuo kikubwa miaka mitatu, na sikujuta.

Mambo yamebadilika. Juni 2024 NCAA, chama kikuu kinachosimamia michezo ya vyuo, iliondoa ule ukomo wa makocha wachache wanaoruhusiwa kufundisha uwanjani kwenye FBS. Zamani mchambuzi akifungua mdomo mazoezini ilikuwa kosa, sasa anaruhusiwa kumfundisha mchezaji. Halafu kuna kazi ambazo hazikuwepo. Tangu 2021 mchezaji anaweza kulipwa kwa jina na sura yake na anaweza kuhama bila kukaa nje mwaka, na tangu Julai 2025 vyuo vilivyoingia kwenye makubaliano ya mahakama yaliyomaliza kesi ya wachezaji vinawalipa wachezaji moja kwa moja, mpaka kama dola milioni 20.5 kwa mwaka wa kwanza kwa michezo yote ya chuo. Pesa hiyo lazima mtu aipange. Ndiyo maana timu sasa zina meneja mkuu kama timu za kulipwa. Andrew Luck, aliyekuwa kwotabeki, yaani mrusha pasi, wa Colts, timu ya kulipwa, alirudi Stanford mwaka 2024 kwa cheo hicho. Kijana anayejua video na kujua kupima mchezaji ana njia nyingine kabisa ya kupanda, na njia hiyo inaanzia kwenye vyuo vikubwa.

Na majina yanasaidia. Marcus Freeman alianza kama GA Ohio State mwaka 2010, alikochezea, na Januari 2025 aliifikisha Notre Dame fainali, kocha mkuu wa kwanza Mweusi kufika pale.

KochaWaMabeki

Ni kweli kuhusu meneja mkuu, na kama kijana moyo wake uko kwenye kupima na kusajili, basi nabadilisha ushauri wangu. Lakini Freeman alikuwa GA, na mwaka uliofuata alikwenda Kent State kufundisha. Hakukaa kwenye chumba cha video kwa kujilipia. Na sheria ya 2024 imewafungulia mlango wachambuzi wanaolipwa. Wapo wengi, na kati yao kuna waliowahi kuwa makocha wakuu. Kijana asiye na mshahara atasimama nyuma ya hao wote.

Rehema_Ushauri

Mama Baraka, mimi ni mshauri wa masomo wa wanamichezo, chuo cha FCS. Nawaona GA kila siku. Nataka kuongeza mawili ambayo wanaume hawayasemi.

Muulize mwanao anataka kusoma uzamili wa nini. Wengi wanachukua chochote kinachoruhusu ratiba, wanamaliza na karatasi ambayo haiwasaidii mahali popote. Kama chuo kile kidogo kina uzamili wa ualimu au wa ushauri nasaha, achukue huo. Ukocha ukikwama anaweza kufundisha sekondari, na futiboli ya sekondari hapa Marekani ni kazi yenye heshima na mshahara wa mwalimu unaingia kila mwezi. Hilo litamtuliza na baba yake.

La pili, bima ya afya. Posho ya dola 800 mara nyingi haiji na bima. Kwa sheria anaweza kubaki kwenye bima ya mzazi mpaka atimize miaka 26, kama wewe unayo kazini. Ila bima nyingine hazigharamii matibabu ya mbali isipokuwa dharura, na lile goti lake bado ni la kuangaliwa. Piga simu uulize kabla hajahama.

Kwa wengine mnaosoma: kama kijana wenu yuko kwa viza ya mwanafunzi, F-1, wakati wa masomo anaruhusiwa kufanya kazi za chuoni saa 20 tu kwa wiki, na saa za GA zinahesabiwa humo. Msimu wa mpira haufuati saa 20. Aongee na ofisi ya wanafunzi wa kigeni kabla ya kusaini.

MamaBaraka

Asanteni sana, Mungu awabariki. Nimesoma yote mara mbili, na Jumamosi nilimsomea baba yake kwa sauti mezani. Kwenye ile ya bahasha za funguo alininyamazisha, akainuka akaenda nje. Aliporudi alisema, "Angalau huyu hadanganyi." Ya ualimu aliiuliza mara tatu, Rehema, kwa hiyo nakushukuru. Sisi bado ni raia wapya, bima nimeshapiga simu, yumo mpaka 26.

Kijana sikumwambia achague kipi. Nilimwambia apige simu vyuo vyote viwili aulize jambo moja: nani atakaa na mimi wakati wa kutazama video? Chuo kikubwa walimwambia kuna mafunzo ya siku mbili mwezi wa saba, halafu kila mtu na kompyuta yake. Hawakuwa wabaya, walikuwa na haraka. Yule wa chuo kidogo, mratibu wa mashambulizi, alimwomba amtumie mechi moja ya chuo chake aliyoichambua. Siku mbili baadaye akampigia, wakakaa kwenye simu saa moja na nusu. Alimkosoa vibaya. Nilikuwa jikoni namsikia mwanangu anasema "ndiyo kocha, ndiyo kocha" na kalamu inakwenda. Alipokata simu alikuwa amejaza kurasa sita.

Ameomba wiki moja ya kufikiri, lakini jana nilimkuta anatafuta vyumba vya kupanga kule.

KochaWaMabeki, mwanangu, swali la mwisho. Akienda, aende na nini? Baba yake anataka kumnunulia suti.

KochaWaMabeki

Mama, nimefurahi mno. Mtu anayemkosoa kijana saa moja na nusu kabla hajamwajiri, huyo ni wa kushikwa kwa mikono miwili.

Suti inunuliwe, atakwenda nayo kwenye mkutano wa Januari na majumbani kwa wazazi. Moja inatosha, ya rangi nyeusi au buluu iliyokoza. Viatu viwe vya kutembelea mchana kutwa. Gari likaguliwe breki na matairi kabla ya saa kumi na moja hizo, maana Januari atakuwa anazunguka shule za sekondari tano kwa siku kwenye barafu akisaka wachezaji. Koti zito lisiloingiza maji.

Na anunue kalamu za wino mnene, nyeusi kwa wachezaji wote na nyekundu kwa yule anayepewa mpira. Pakiti mbili za kila rangi. Za ofisini huisha kufika Jumatano, na ile nyekundu ndiyo huisha kwanza.